Kenya, Uganda au Rwanda: baiskeli ya mlimani ukaendeshe na wenyeji wa wapi?

Likizo zikikaribia swali ni lilelile kwenye magrupu ya baiskeli ya huku Arusha na Moshi. Mtu ana wiki moja, ana baiskeli yake ya mlimani ambayo imeshazunguka mashamba ya kahawa ya Usa River na vijia vya chini ya Meru mpaka hakuna jipya, sasa anataka kuvuka mpaka akaendeshe na watu wa huko, hataki kuzunguka peke yake ameshika simu kama mtu aliyepotea. Aende wapi? Na majibu nayo ni yaleyale, kila mtu anataja mlima wake, mara Ngong, mara Elgon, mara sijui ziwa gani Rwanda lina mandhari balaa, na picha juu.

Mi naona tunaanzia pabaya. Ukiwa unaendesha na wenyeji, yule anayekutangulia kwenye mteremko ndio safari yenyewe. Yeye ndio anaamua mnaenda kasi gani, mnapita shambani kwa nani, mnakula wapi, na ukipata pancha saa kumi jioni mnacheka au mnanuniana. Na wenyeji wa hizi nchi tatu hawafanani hata kidogo. Kwa hiyo hapa nimeanza na watu, milima inakuja baadaye.

Ninazolinganisha ni hizi: Kenya (Nairobi na vitongoji vyake, Naivasha, na Iten kwa wenye mapafu), Uganda upande wa Sipi na Kapchorwa ubavuni mwa Mlima Elgon, na Rwanda kwenye ile njia ya kandokando ya Ziwa Kivu inayoitwa Congo Nile Trail. Vigezo ni wenyeji wanapatikanaje na wanaendeshaje, njia zenyewe na ugumu wake, baiskeli ubebe au ukodi, kufika na makaratasi, lugha na kula na kulala, alafu msimu na usalama. Bei sijaweka tarakimu maana zinabadilika kila ukilala ukiamka, nitakwambia tu hela inaliwa wapi.

Wenyeji wenyewe

Nairobi ni mji wa klabu. Jumamosi na Jumapili alfajiri utakuta makundi yanakutana kwenye vituo vya mafuta, wengine wanaelekea Karura, wengine Ngong, wengine wanapandisha Tigoni na Limuru kwenye mashamba ya chai. Wengi ni watu wa ofisini, wana baiskeli za maana na kila kitu kinapangwa WhatsApp na Strava, ile app ya kurekodi na kushirikishana njia, unaandika tu kwamba uko mjini wikiendi hii unaomba kujiunga na mara nyingi utajibiwa siku hiyohiyo. Hulipi mwongozaji. Unachangia chai, na mafuta kama kuna gari la kubeba baiskeli, basi. Ila kuna kitu lazima uulize kabla: hilo kundi linasubiri watu au halisubiri? Makundi mengine yana mtu wa mwisho maalum wa kukaa na wanaochelewa, mengine ukibaki nyuma umebaki, utawakuta wanakunywa chai. Na usiamini neno "kasi ya kawaida". Kawaida ya mtu anayeishi mita 1,700 juu ya bahari na anaendesha kila wiki ni mashindano kwa mtu aliyetoka Dar juzi.

Alafu Kenya ina upande mwingine ambao hauko kwenye hizo klabu za wikiendi. Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi, ndiko mwendesha baiskeli David Kinjah alikowalea vijana wa timu yake ya Safari Simbaz, na mmoja aliyepita mikononi mwake akiwa bado mtoto ni Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyekuja kushinda Tour de France 2013, 2015, 2016 na 2017. Kabla ya hizo barabara za Ufaransa alianzia kwenye baiskeli za mlimani kwenye vilima vya huko. Watu wa aina hiyo wakikukaribisha nenda, ila ujue unaenda kuendesha na watu ambao kuumia ni sehemu ya ratiba. Iten hivohivo. Pale mji mzima unaamka kwenda mazoezini, wakimbiaji na waendesha baiskeli wote, na mgeni anapokelewa vizuri mradi asiwavurugie mazoezi.

Sipi ni habari nyingine kabisa. Hakuna klabu. Kuna vijana wa kijijini ambao kutembeza wageni ndio kazi yao, leo wanapeleka watu kwenye maporomoko, kesho wanawaonyesha kahawa inavyokaangwa, keshokutwa wanaendesha na wewe. Unawalipa, na ni haki yao. Mnakuwa wawili au watatu tu, kwa hiyo kasi ni yako. Kinachonifurahisha kwa hawa vijana ni jinsi wanavyopita katikati ya maisha ya watu. Njia inakatiza uani kwa mtu, kati ya jiko na zizi, kijana anapunguza, anashuka kwenye baiskeli, anamsalimia mzee kwa Kisabiny, wanaongea kidogo kuhusu mtu fulani aliyekuwa anaumwa, ndio mnaendelea. Mbele kidogo kwenye kona nyembamba kuna punda anakuja na magunia pande zote mbili, njia imejaa yeye. Kijana anapiga mluzi, anaegesha baiskeli kwenye mgomba, anamshika punda shingoni anamsogeza ukutani kwa upole na kukupungia mkono upite, huku mwenye punda, mama mmoja aliyeko nyuma sana, anapiga kelele za kucheka. Ukiwa peke yako na ramani hapo ungekaa.

Tahadhari ya Sipi ni moja: wengine ni waongozaji wazuri wa kutembea kwa miguu ila baiskeli hawaendeshi kihivyo. Swali la kuuliza kwenye simu kabla hujatuma hela ni hili, "wewe utaendesha na mimi au utanifuata na bodaboda?" Jibu lake litakwambia kila kitu.

Rwanda wapo wa aina mbili. Kuna waongozaji wa kulipwa, Rubavu, Musanze na Kigali, na hawa wamepangika kuliko wote kwenye hii orodha, ratiba inakuja kwa maandishi, baiskeli zimekaguliwa, gari la mizigo linafika kabla yenu. Baadhi wamewahi kushindana, maana Musanze ndiko timu ya taifa ilikuwa na kambi yake kwa miaka mingi. Halafu kuna aina ya pili ambayo huwezi kuikodi, watu wa njiani. Rwanda baiskeli ni gari la kazi. Utawakuta wanaume wanasukuma viazi, mikungu ya ndizi, madumu ya maziwa, mzigo umezidi urefu wao, kwenye mpando wanasukuma na kwenye mteremko wanapanda na kuachia, na yule ambaye raba za breki zimekwisha anakandamiza ndala kwenye tairi la nyuma mpaka unasikia harufu ya plastiki. Na vijana watakufukuza. Yaani wewe una gia kumi na mbili na helmeti na miwani, yeye ana baiskeli ya chuma isiyo na gia hata moja na kandambili, na kwenye mpando anakuja tu, anakaa kwenye tairi lako la nyuma anatabasamu, ukilegea anakupita. Nchi ile wanaijua baiskeli. Kila mwaka wanajipanga barabarani kuangalia Tour du Rwanda, Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya barabarani ya UCI, shirikisho la baiskeli duniani, ya kwanza kufanyika Afrika, na kwenye upande wetu wa mlimani kuna Adrien Niyonshuti aliyeiwakilisha Rwanda Olimpiki ya London 2012. Ukisimama kijijini kuziba pancha utapata wasaidizi na wachambuzi.

Njia

Hapa Kenya ina mchanganyiko mkubwa zaidi. Karura ni msitu katikati ya jiji, ardhi laini, mizizi kidogo, makutano ya njia yana namba kwa hiyo ni ngumu kupotea, panamfaa hata anayeanza. Ngong ni mgongo wa mlima wenye upepo, kilele kinafika kama mita 2,460, nyasi fupi, mitambo ya umeme wa upepo inavuma juu yako, na mipando ambayo utashuka usukume bila aibu. Hell's Gate kule Naivasha kwa kuendesha ni rahisi, njia pana ya vumbi la volkano, isipokuwa pembeni kuna pundamilia, twiga, ngiri na wakati mwingine nyati, maana ni moja ya hifadhi chache za Kenya unazoruhusiwa kuingia na baiskeli bila gari. Watu wa baiskeli ngumu wanaidharau, mi naona wanakosea, kuna vitu vichache duniani kama kupita kimyakimya karibu na twiga ukiwa kwenye baiskeli. Iten uko kwenye mita 2,400 hivi ukingoni mwa bonde la Kerio, ukishuka kule chini utafurahi sana na ukipandisha kurudi utakumbuka majina ya mababu wote.

Sipi ndio pagumu kiufundi. Kilomita ni chache ukiziangalia kwenye karatasi, ila ni njia za miguu kweli, udongo mwekundu, mawe yanayobingirika, ngazi zilizochongwa kwenye udongo, kona za ghafla kati ya kahawa na migomba, na kuna sehemu jabali linashuka wima upande mmoja. Maporomoko ni matatu, kubwa lao linakaribia mita 100, na ukitoka juu kushuka kuelekea tambarare unaona nchi imefunguka mbele yako mpaka macho yanaishia. Kama hujawahi kushuka ngazi na baiskeli usijifunzie pale.

Congo Nile Trail ni umbali. Kilomita 227 kutoka Rubavu kaskazini mpaka Rusizi kusini, wengi wanaigawa siku tano kwa baiskeli. Ufundi hauhitajiki sana, kinachohitajika ni miguu, maana hakuna tambarare, unapanda kilima, unashuka mpaka karibu na maji, unapanda kingine, hivohivo kutwa nzima. Kipande kitamu ni cha kaskazini, Rubavu kupitia Kinunu mpaka Karongi, vumbi na migomba na kahawa na ziwa liko kulia kwako muda wote. Kusini sehemu kubwa imekuwa lami, na ndio maana wengine wanaishia Karongi, wanapanda basi au boti. Na hapa ndio faida ya mwenyeji inaonekana: ukifuata njia kuu peke yako utapata barabara ya vumbi tu, ukiwa na mtu wa pale atakuchomoa kwenye kijia kinachoshuka ziwani ambacho hakijaandikwa popote.

Baiskeli: ubebe au ukodi

Nairobi kukodi kunawezekana na baiskeli nzuri zipo ukiulizia kwa watu wa klabu. Karura pia wanakodisha, za kutembelea msituni tu. Zile za njiapanda ya kuingia Hell's Gate zikague mwenyewe kabla hujalipa, bonyeza breki zote mbili, zungusha matairi, badilisha gia zote ukiwa umeinua nyuma, na siti ipandishwe hapohapo ikiwa spana ipo. Rwanda waongozaji wanakodisha za heshima na ndio njia rahisi kuliko kubeba. Sipi beba yako kama unaweza, zipo za kukodi ila chache na saizi utakayoipata ni bahati, mtu mrefu ataendesha magoti yakiwa kidevuni.

Ukibeba yako, vipuri ndio kila kitu. Maduka ya vijijini nchi zote tatu yana vitu vya baiskeli za kazi, yaani tyubu za inchi 26 na 28, spoku, raba za breki, cheni ya kasi moja. Tyubu ya 29 hutaipata. Kwa dharura ile ya 28 ya baiskeli ya Phoenix inaingia kwenye 29 na inakufikisha, shida inakuja kwenye vali, maana rimu zetu nyingi za kisasa zina tundu jembamba la vali nyembamba ya presta na ile vali nene haipiti. Kwa hiyo tyubu mbili za kwako, vilaka, pampu, kiungo cha cheni, pedi za breki za disiki za aina yako hasa, na lile sikio la kushikia dereila, yaani kile kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni kwenye gia, hilo likipinda Kapchorwa safari imeisha. Mafundi wa kijijini ni wazuri mno kwa vyuma, watakunyooshea rimu kwa macho tu, ila breki za mafuta hawana hata vifaa vya kuzifungulia.

Kufika na makaratasi

Kenya ni rahisi, hakuna ubishi. Arusha mpaka Namanga, mpaka Nairobi, ndani ya siku moja kwa shatoo, toa tairi la mbele, funga baiskeli na blanketi kuukuu, elewana bei ya mzigo na dereva kabla haijapanda juu, ikishapanda huna tena nguvu ya kubishana. Sipi unaweza kuendelea kutoka Nairobi kwenda Malaba, Mbale, alafu kama saa moja ya kupandisha. Ila kuna njia tamu zaidi, Eldoret, Kitale, mpaka wa Suam, unatokea Kapchorwa kwa barabara ya lami iliyotengenezwa miaka ya karibuni. Watu wa kanda ya ziwa nyie mna Mutukula, Kampala, Jinja, Mbale. Rwanda kwa basi unapita Singida, Nzega, Kahama mpaka Rusumo, ni safari ndefu ya kukaa, ukiwa na hela panda ndege na uiweke baiskeli kwenye boksi.

Pale Rusumo ukivuka daraja la Kagera unahamia upande wa kulia wa barabara. Kwa gari dereva anahangaika mwenyewe, kwa baiskeli ni wewe, na hatari haiko unapoendesha na wenzako, iko asubuhi unapotoka gesti peke yako kutafuta chai, macho yanaangalia upande wa mazoea.

Makaratasi: Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanavuka kwao kwa kitambulisho cha taifa. Sisi hatumo kwenye huo mpango, chukua pasi ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Viza hulipi. Baiskeli ya gharama piga picha namba yake ya fremu na ubebe risiti kama unayo, usije ukarudi nyumbani mtu wa forodha akadhani umeinunua huko.

Lugha, kula, kulala

Kenya hata sina haja ya kuandika, wewe punguza tu Kiswahili chako cha "naomba nisaidie tafadhali" maana watakutania siku nzima. Getini Hell's Gate hawapokei taslimu, malipo ya hifadhi yanafanyika kwa mtandao wa eCitizen, kwa hiyo mwombe mwenyeji wako alipie kwa simu yake umrudishie. Ukimaliza kuendesha kuna nyama choma, na Iten ukipewa mursik, maziwa yao ya mgando, kunywa.

Rwanda Kiswahili ni lugha rasmi tangu 2017, ila vijijini kandokando ya Kivu usitegemee, salamu za Kinyarwanda zitakufungulia milango mingi. Rubavu ndio tofauti, Goma iko palepale ng'ambo, kwa hiyo Kiswahili kinasikika sokoni, cha kwao cha Kikongo kidogo. Chakula utajisikia nyumbani, isombe ni kisamvu, mishikaki ya mbuzi kila kona, viazi, maharage. Kuna samaki wadogo wanaitwa sambaza, wanavuliwa usiku na kukaangwa wakavu. Ukila ukahisi ladha unaijua hujakosea, asili yao ni Ziwa Tanganyika, walihamishiwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni dagaa wa Kigoma waliohama. Malazi kwenye njia ni gesti na nyumba za misheni, safi, taratibu, na ziwa halina mamba wala viboko kwa hiyo jioni unaoga.

Uganda vijana wote wa Sipi wanaongea Kiingereza, Kiswahili kinaeleweka na wengi kwa sababu ya biashara na Kenya, na mtu wa Kikalenjini akienda pale anaelewana na Wasabiny kwa lugha yake mwenyewe maana ni ndugu. Malazi ni mabanda na kempu zinazoangalia maporomoko. Kula ni matoke, maharage, malewa (machipukizi ya mianzi) ya karanga ukipitia Mbale, na rolex ya asubuhi, chapati ya mayai ya kukunja, ambayo kwa baiskeli ni mafuta kamili ya masaa matatu. Kati ya hizi tatu hela yako itadumu zaidi hapa, Rwanda ndio itakwisha haraka, hasa ukitaka gari la mizigo na mwongozaji siku zote tano.

Msimu na usalama

Machi mpaka Mei kote ni mvua, acha. Rwanda nenda Juni mpaka mwanzoni mwa Septemba, vumbi litakuingia mpaka masikioni ila njia ni kavu. Elgon wakati mzuri kabisa ni Desemba mpaka Februari. Ule udongo ukilowa unashika tairi mpaka halizunguki, na kuna jambo zito kuliko tope, miteremko ya Elgon huporomoka, Novemba 2024 maporomoko ya udongo yalifukia vijiji Bulambuli, wilaya jirani kabisa na Sipi. Mwenyeji akisema leo hatushuki huku, hamshuki. Hell's Gate nako, lile korongo la Ol Njorowa lina mafuriko ya ghafla, mwaka 2019 watu saba walikufa pale, kwa hiyo mawingu yakionekana kwa mbali baki juu na baiskeli yako.

Ngong usiende peke yako, nenda na kundi, wenyeji wenyewe hawaendi mmojammoja. Rwanda barabarani ni salama na usiku pametulia, ila Rubavu inapakana na Goma ambayo ilishikwa na waasi wa M23 Januari 2025, kwa hiyo ulizia hali ya wiki hiyo kabla ya kukata tiketi, ikibidi anzia Karongi. Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni umuganda, kazi za jamii, shughuli na usafiri vinasimama, usipange kuondoka saa hizo. Ukikuta wanalima mtaro shika jembe, utakuwa umepata marafiki.

Adabu za kuendesha na watu kwao ziko kama za huku. Usimpite anayekuongoza ili umwonyeshe mapafu yako. Maji na vilaka ni vya wote. Picha za watoto omba kwa mkubwa. Na hili la Strava, kwa Sipi hasa, muulize kijana kabla hujaiachia njia hadharani, maana unaweza kuwa unatangaza uani kwa mtu, na pia ni mkate wake ule.

Sasa nani aende wapi

Una siku tatu nne tu, au ni mara yako ya kwanza kutoka nje na baiskeli: Nairobi. Fika Ijumaa, Jumamosi na klabu Karura au Tigoni, Jumapili Naivasha, Jumatatu uko kwenye shatoo. Kama huna hela ya mwongozaji napo ni Nairobi, hakuna sehemu nyingine utaendesha na kundi zuri kwa bei ya chai.

Unafanya mazoezi ya mashindano na unataka kupimwa, Iten au wale wa Kikuyu, ila wape wiki nzima na siku mbili za mwanzo usijitutumue, ule urefu wa Iten haujali una miguu gani.

Unapenda miteremko migumu, una shokapu nzuri na breki unaziamini: Sipi, na ukae siku kadhaa na kijana mmoja huyohuyo badala ya kubadilisha, siku ya pili ndio anaanza kukupeleka kwenye njia zake. Kama hupendi makundi makubwa na kelele za WhatsApp napo ni hapa.

Mnaenda wawili, mwenzako sio fundi sana ila ana pumzi, au mnataka safari ya kutoka hapa kwenda pale mnalala sehemu tofauti kila siku, Rwanda. Mwenye umri mkubwa kidogo au magoti yanayolalamika pia Rwanda, akodi gari la mizigo na zile baiskeli zinazotumia umeme kama mwongozaji anazo, aulize mapema. Peke yako ukiwa mwanamke, wanawake ninaowafahamu wamesifia zaidi Rwanda kwa utulivu wa njiani na Nairobi kwa klabu zenye makundi ya wanawake, Sipi wamependa wakiwa wawili.

Una wiki mbili na huwezi kuchagua kabisa: Iten na Sipi kwa mpigo. Iten, Eldoret, Kitale, Suam, Kapchorwa, unavuka mpaka mmoja tu kati yao, unaanza na wanaokuacha nyuma unamalizia na wanaokusubiri. Ukipanga kinyume chake miguu itakuwa imekwisha kabla hujafika kwa wenye mbio. Pale Suam vuka mchana, na shilingi za Uganda zibadilishe upande wa Kitale mjini, mpakani bei yao sio nzuri.